Mabati ya Kuazima

Shule niliiacha darasa la pili, kwa sababu mwalimu alinitaka nihesabu machungwa ambayo hayakuwapo mezani. Nikamwambia ayalete kwanza. Akanichapa, nikaenda zangu. Sijutii. Nimeezeka nyumba kutoka Iyula hadi Itaka, nimeezeka makanisa matatu na ghala moja la kahawa ambalo upepo umelijaribu miaka yote na kushindwa, na mabati yangu hayajakosewa idadi hata mara moja. Hata mara ile nitakayoisimulia hapa hesabu ilikuwa sahihi. Kasoro ilikuwa kwa aliyehesabu.

Ninyi mliobaki na nyundo mmeniomba niandike nilivyofanya kazi. Naandika kwa mkono wangu, na penye makosa ya herufi someni hivyohivyo. Msitafute humu nililipwa kiasi gani wala nilipandishwa lini. Fundi wa mabati hupandishwa kila asubuhi, na jioni hushuka.

Kazi nilifundishwa na Mzee Yakobo Halinga, fundi wa misheni. Alikuwa mtu mfupi, mkali, asiyecheka ila akiwa juu ya paa, na hapo alicheka peke yake. Siku yangu ya kwanza tulikuwa tunaezeka kanisa. Alinipa nyundo na debe la misumari akaniachia upande mmoja, akaenda upande wa pili. Nikapiga misumari kwa nguvu zangu zote, nikajiona mwanamume. Jioni akaja kukagua. Sisi tulimwita tata, yaani baba.

"Umepiga wapi msumari?"

"Hapa, tata, bondeni. Hapa bati limegusana na mbao, linashika vizuri."

"Mvua ikinyesha, maji yatapita wapi? Mgongoni au bondeni?"

"Bondeni, tata."

"Basi umeyatobolea mlango."

Nilidhani atanifanya niyang'oe yote. Hakunifanya. Aliacha mstari wangu mmoja vilevile, na Jumapili mvua iliponyesha alinikalisha chini ya matundu yangu ibada nzima. Mchungaji alihubiri habari za gharika. Tangu siku hiyo sijapiga msumari bondeni, na fundi yeyote niliyemfundisha ambaye alipiga bondeni anajua alikaa wapi Jumapili iliyofuata.

Mzee Yakobo alinifundisha na mengine. Kila msumari ulivaa kipande cha gunia kilichochovywa kwenye lami ya moto, ndipo ukapigwa. Papi, zile mbao za kulazia mabati, alizipima kwa kijiti alichokikata mwenyewe, wala hakukubali kijiti cha mtu mwingine. Na kung'oa msumari alikuona kuwa kazi ya ufundi kuliko kuupiga. Unaweka kigogo chini ya nyundo ili bati lisibonyee, unavuta polepole, unanyoosha msumari, unautia mfukoni. "Kupiga, hata mlevi anapiga," alikuwa akisema. "Nionyeshe unavyong'oa." Nilijifunza kung'oa vizuri mno. Laiti ningejifunza vibaya.

Siku hizo bati lilikuwa kitu cha misheni na cha wazungu wenye mashamba. Wazee wetu hawakulitaka. Walisema nyumba ya bati mchana inakuoka, usiku inakugandisha, na mvua ikinyesha huwezi kumsikia mkeo. Mzee mmoja wa Itaka aliniambia hiyo ya mwisho ndiyo sababu pekee ya yeye kulinunua.

Mzee Yakobo alifariki wakati wa vita vikuu vya pili. Vita vilipokwisha mambo yakageuka. Vijana walirudi kutoka jeshini na akiba zao. Kahawa ikapanda bei. Machimbo ya dhahabu ya Saza yakawa yanalipa watu kila mwezi. Ghafla kila mtu akataka bati. Msichana akiposwa, baba yake aliuliza kwanza juu ya nyumba kuna nini. Mwanamume aliyekaa kwenye nyasi alianza kupita njia za nyuma. Mimi nilikuwa sishuki. Nilikula ugali wangu juu ya paa.

Hapo ndipo alipokuja Bwana Simoni Sichalwe kutoka Tunduma. Ni Mnamwanga, nusu ya ukoo wake huku na nusu ng'ambo ya mpaka. Alikuwa na lori moja, tumbo moja kubwa, na neno moja la kumkaribisha kila mtu, "Mwaiseni!", ambalo ni karibuni ya ng'ambo huko. Basi watu wakamwita Mwaiseni. Alileta mabati, na hakuwa na haraka na fedha yako. Alisema chukua sasa, utalipa mavuno hata mavuno, mradi uweke rehani.

Sasa rehani ya nini? Ardhi yetu haiwekwi rehani. Ni ya ukoo, na ya Mwene, yaani mtemi wetu, na Bwana Shauri, mzungu wa serikali, naye alikwisha kukataza. Shamba la kahawa liko juu ya ardhi hiyohiyo. Mwaiseni alilijua hilo. Alikuja na lake.

"Fundi Elia, mimi sitaki ardhi yao," aliniambia tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha lori. "Mimi naweka rehani paa."

"Paa?"

"Bati haliozi, halifi, halitoroki na mume wa mtu. Na bei yake haijashuka tangu nizaliwe. Mtu mwenye mabati ishirini juu ya nyumba yake, nampa ishirini mengine. Yote arobaini yanakuwa rehani yangu mpaka amalize. Asipomaliza, nayavua."

Nilimwona mtu mwenye akili sana. Bei ilikuwa kweli haijashuka. Lakini alizungumza habari za bati jipya, na rehani yake yote ilikuwa bati lililokwisha kupigwa misumari. Jambo hilo hakulifikiria yeye, sikulifikiria mimi, na mimi ndiye niliyekuwa natoboa.

Alinipa kazi mbili. Ya kwanza kuezeka. Ya pili kuwa mhesabuji wake. Kabla ya kumkopesha mtu nilikwenda kuhesabu mabati aliyonayo, nikayatia alama kwa chini, herufi S kwa rangi nyeusi, karibu na ukingo. Nilijua kuandika S vizuri sana. Katika madarasa yangu mawili hiyo ndiyo iliyonifaa.

Hapa nieleze vizuri, maana msiokulia kwetu mtatucheka. Kwetu mtu akienda kuposa huazima. Huazima koti kwa kaka, viatu kwa mwalimu, baiskeli kwa karani. Wakwe wanajua ni vya kuazima. Nao viti alivyokalia mgeni wameviazima, na yeye anajua. Hakuna aliyedanganywa. Mnaonyeshana kwamba mna watu wa kuwaazima. Sasa watu wa Iyula waliposikia kwamba kuna siku ya kuhesabiwa, wakaiona kama siku ya posa. Wakaanza kuazimana mabati.

Wa kwanza niliyemwona alikuwa Hezroni. Huyu alifanya kazi Saza mgodini, na akija likizo alivaa kofia yake ya chuma mpaka kanisani. Alikuwa na mabati kumi juu ya chumba kimoja na alitaka nyumba ya vyumba vinne. Jirani yake alikuwa Sekela, mjane wa kaka yake. Sekela ni mzaliwa wa milima ya Ileje, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Mabati yake ishirini na mawili aliyanunua kwa kahawa yake mwenyewe, mawili leo, matatu mwakani, bila kukopa kwa mtu. Mimi ndiye niliyemwezekea. Nilikuwapo Hezroni alipokwenda kumwomba.

"Shemeji, niazime paa."

"Niazime nini?"

"Paa. Siku tatu tu. Mwaiseni akishahesabu narudisha."

"Koti la marehemu uliliazima siku ya posa likarudi halina kifungo. Sasa unataka paa."

"Kifungo nitakununulia, shemeji."

"Na mimi nilale wapi?"

"Jikoni kwako nyasi zipo. Na ni kiangazi. Utaona nyota."

"Nyota nimeziona za kutosha kabla sijanunua bati," akasema Sekela. Lakini alikubali. Ni mdogo wa mumewe. Kumnyima kungekuwa maneno ya ukoo mzima. Aliniambia tu: "Elia, yahesabu yanapotoka na yahesabu yanaporudi."

Nikayang'oa, kwa kigogo, polepole, bila kubonyeza hata moja. Nikayapeleka kwa Hezroni, nikayapiga kwenye papi zake. Papi zake zilikuwa na nafasi tofauti, kwa hiyo nilitoboa matundu mapya. Yale ya zamani yakabaki wazi, sikuyaziba. Siku ya pili nikarudi nikiwa mhesabuji wa Mwaiseni, nikahesabu thelathini na mawili, nikayatia S yote, huku Mwaiseni amesimama mlangoni anatikisa kichwa kwa furaha. Siku ya nne nikang'oa ya Sekela, nikayarudisha kwake kwenye matundu yake ya kwanza, na usiku uleule Hezroni akapokea mengine kutoka lorini. Nililipwa mara tatu kwa mabati yaleyale. Nilijiona mjanja.

Sekela aliinua macho siku ile akaona.

"Hizi alama nyeusi ni nini?"

Hakusoma kabisa. Mimi nilisoma madarasa mawili. Nikamwambia, "Ni alama ya fundi."

"Mbona zamani hukuweka?"

"Zamani sikuwa na jina."

Akacheka, akanipa ndizi. Nikazila.

Baada ya Hezroni wakaja wengine. Nadhani kuna bati moja, lililokuwa na mkunjo kama sikio la mbuzi, nililolihesabu kwenye nyumba tano. Tukawa tunasalimiana. Sikusema kitu. Kila aliyehesabiwa alipata mabati, kila aliyepata mabati aliniita nikaezeke, na kila aliyepita barabarani aliona Iyula inang'aa, akasema watu hawa wametajirika, na mimi je? Hata Mwaiseni alisimama pale juu kilimani akatazama mabati yanavyomeremeta, akaniambia, "Fundi, ona mali yangu." Nikamwambia naiona.

Kisha kahawa ikashuka bei. Sijui ilishukia wapi. Sisi tuliambiwa pale penye mzani. Mavuno yaleyale, magunia yaleyale, fedha nusu. Haikupita muda machimbo ya Saza nayo yakapunguza watu. Hezroni akarudi nyumbani, kofia yake ya chuma ikawa ya kulishia kuku. Waliokopa hawakuwa na cha kulipa, na hawakuwa mmoja au wawili. Ilikuwa bonde zima mwezi mmoja.

Mwaiseni hakuwa mtu mbaya. Alisubiri. Lakini naye mabati aliyachukua kwa mfanyabiashara mkubwa wa Mbeya, na yule wa Mbeya hakuwa na desturi ya kusubiri. Basi siku moja lori likaja tupu, na Mwaiseni akashuka bila kusema mwaiseni.

"Fundi Elia, vua."

Nikavua. Ndiyo sababu nilisema laiti ningejifunza vibaya. Nilivua nyumba saba. Mimi niliyepanda mbele ya vigelegele nilipanda tena mbele ya watu waliokaa kimya uani na vitanda vyao, na hakuna aliyenitukana, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mmoja tu, mzee wa nyumba ya tatu, aliniambia: "Fundi, unang'oa vizuri. Mwalimu wako angefurahi." Nilishuka kunywa maji ingawa sikuwa na kiu.

Na msidhani Mwaiseni alifaidi. Aliyapanga mabati Tunduma nyuma ya duka lake, rundo juu ya rundo. Nani anunue? Mwenye fedha hataki bati lenye matundu kumi na mawili. Asiye na fedha ndiye aliyevuliwa. Kadiri alivyovua ndivyo bei ilivyoshuka, na kadiri ilivyoshuka ndivyo alivyolazimika kuvua zaidi. Na wale waliovuliwa, wawili walihamia kwa wakwe zao wakaacha kahawa kwenye magugu, na mmoja kahawa yake ililowa umande ndani ya nyumba. Sasa hao watalipa kwa kitu gani? Ni kama mtu aliyemchinja ng'ombe ili apate debe la maziwa.

Mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kusimama upande wa Ileje tulipofika kwa Hezroni. Nyumba yake ya vyumba vinne ilikuwa na mabati ya mkopo na yake kumi. Mwaiseni akatoa karatasi.

"Hapa pana upungufu wa ishirini na mawili."

Hezroni akatazama miguu yake. Mimi nikatazama miguu ya Hezroni. Jua lilikuwa kali, na Sekela, mtu wa watu, akamwita mgeni kwake akanywe togwa. Mwaiseni akaingia, akaketi, akanywa, akainua kichwa kumalizia lililobaki kwenye kibuyu. Akakaa hivyo, shingo nyuma, muda mrefu.

"Mama," akasema, "paa lako ni langu."

"Umelewa togwa, Bwana Sichalwe?"

"Awe, mama, awe!" Hiyo ni hapana ya kwao mpakani. "Alama zangu zile. S. Ishirini na mbili, nimezihesabu."

"Ile ni alama ya fundi," Sekela akasema. "Muulize fundi, huyu hapa."

Wakanitazama wote. Mdomo wangu ulikuwa na maneno mawili tu. Moja lingenimaliza mimi, lingine lingemmaliza yeye na paa lake alilolinunua bati kwa bati. Mkinisikia najisifu mahali pengine humu, kumbukeni kwamba pale nilisema, "Tutaangalia."

Sekela alinitazama kama mtu anayekagua kazi. Akachukua mkeka, akaukunja, akauweka kichwani. Akatoka nje, akapanda ngazi yangu, akatembea juu ya mgongo wa bati kama aliyezaliwa huko, akatandika mkeka kwenye kofia ya nyumba, pale kileleni, akaketi.

"Anayetaka bati aanze na hili nililokalia!" Sauti ile ilifika mpaka kanisani.

"Shemeji, shuka, watu wanakuona!" Hezroni akalia.

"Waone! Wewe kofia yako ya chuma iko wapi? Ivae, maana nikianza kutupa vitu utaihitaji."

Watu wakajaa. Wakaleta vigoda. Mwanamke mmoja akamrushia Sekela muhogo wa kuchoma, akaudaka; mwingine akampandishia kibuyu cha maji. Mwaiseni akazunguka nyumba mara mbili akimsihi, na kila alipopita Sekela alimmwagia maji ya kibuyu kidogokidogo, akisema anajaribu kama paa linavuja. Mwisho wakamwita Mwene, kwa kuwa aliye juu hakukubali kwenda barazani. Mwene akaja mwenyewe na wazee wake wawili, akaketi uani, akainua uso.

"Mama Sekela, unanitaka nihukumu shingo imepinda hivi?"

"Nisamehe, Mwene. Nikishuka hawa watapanda."

Mwene akakubali. Akamsikiliza Mwaiseni, akaonyeshwa karatasi. Akamsikiliza Hezroni, aliyesema habari za Saza kwa kirefu mpaka akakatizwa. Kisha akaniambia nipande niling'oe bati moja, lile la ukingoni lenye alama, nimletee.

Nikapanda. Sekela hakunisogelea wala hakuniondokea. Nikaweka kigogo, nikavuta msumari, nikateremsha bati, nikalilaza mbele ya Mwene. Akalitazama juu na chini. Ni mkulima, lakini si mjinga.

"Lina matundu mistari miwili."

"Ndiyo, Mwene. Mstari mmoja wa nyumba hii, mmoja wa nyumba ya Hezroni."

"Upi wa kwanza?"

Nikamwonyesha mahali ambapo mguu wa ile S unapita juu ya tundu la nyumba ya Sekela. Rangi ilikuwa imeingia tunduni, ikatokeza upande wa juu, ikaganda kama chozi. Rangi haiingii kwenye tundu ambalo halijatobolewa.

"Kwa hiyo lilikuwa la huyu mama kabla ya alama."

"Ndiyo, Mwene."

"Na siku lilipokuwa kwa Hezroni, tundu hili lilikuwa wazi. Wewe unasifiwa kwamba huachi tundu wazi. Mbona hukuliziba?"

Ningeweza kusema nilisahau. Watu wangekubali, fundi naye ni mtu. Nikatazama juu, nikamwona Sekela ameacha kutafuna.

"Kwa sababu nilijua halitakaa pale, Mwene. Nilijua ni la kuazima. Mimi ndiye niliyelibeba. Nililitia alama ya mtu aliyekuwa anadanganywa, na mama huyu nikamwambia ni alama ya fundi, kwa kuwa hajui kusoma."

Kisha kikaanza kitu nisichokitarajia. Mwaiseni alianza kucheka. Alicheka tumbo likaruka, akajifuta macho kwa ile karatasi.

"Mnaazima paa!" akasema. "Mimi yule wa Mbeya alipokuja kukagua duka langu kabla ya kunikopesha, unajua nilifanya nini, Mwene? Niliazima vitambaa vya binamu zangu wote wa ng'ambo nikajaza rafu. Hata lori, siku ile, lilikuwa la shemeji!"

Watu wakaangua kicheko, na Mwene akafunika mdomo kwa mgwisho wake. Nilisimama pale na bati langu, nikaelewa kwa mara ya kwanza kitu nilichokuwa nimejenga miaka ile. Kila mmoja alimwonyesha wa juu yake koti la kuazima, na wa juu alilihesabu kama lake, akaenda nalo kwa wa juu zaidi.

Sekela hakucheka. Aliuliza kutoka juu:

"Bwana Sichalwe, nyumba saba ulizovua, umeuza mabati ya ngapi?"

"Ya moja."

"Umemuuzia nani?"

"Mkwe wangu."

"Amelipa?"

Mwaiseni akakuna shingo. Kicheko kikaanza upya.

"Basi yarudishe juu," Sekela akasema. "Mtu mwenye paa atachuma kahawa, ataikausha, atakulipa kidogokidogo hata kama bei ni ya kuku. Mtu aliyelala mvuani atakulipa kikohozi. Na bati lililolala kwako Tunduma linakulipa nini? Kutu."

Mwene alihukumu hivi. Mabati ishirini na mawili ni ya Sekela. Deni la Hezroni ni la Hezroni, na asijifiche nyuma ya mjane. Mwaiseni alishauriwa, naye akakubali mbele ya wazee, kuyarudisha mabati ya nyumba saba na kulipwa kwa kahawa mavuno kwa mavuno. Na mimi, kwa kuwa nililipwa mara tatu kuyapandisha, niyapandishe mara ya nne bure, zote saba, kabla ya mvua.

"Misumari je, Mwene?" nikauliza.

"Unayo mfukoni," akasema. "Nimesikia unang'oa vizuri."

Nilifanya kazi siku kumi na moja. Sijawahi kufanya kazi namna ile kabla wala baada. Nilipiga kwenye matundu ya zamani, nikaziba kila tundu la ziada kwa gunia na lami, na mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka Krismasi. Wale wenye nyumba hawakunisemesha siku ya kwanza. Siku ya tatu mmoja alinishikia ngazi. Nyumba ya saba niliimaliza matone ya kwanza yakinipiga mgongoni, na Hezroni ndiye aliyekuwa ananipa misumari, mmoja mmoja, akiunyoosha kwanza juu ya jiwe.

Mwaiseni alipoteza lile lori kwa yule wa Mbeya; la shemeji lilikwisha kurudi kwa shemeji. Alikuja kuchukua kahawa yake kwa baiskeli miaka kadhaa, na wengi walimlipa mpaka mwisho. Wengine hawakumaliza. Aliwasamehe au aliwasahau, sijui. Mimi niliendelea na kazi, lakini tangu hapo mtu aliyeniita kuhesabu nilimwambia atafute mtu mwingine wa kuezeka, na aliyeniita kuezeka nilimwambia atafute mtu mwingine wa kuhesabu. Nilikosa kazi nyingi. Ninyi mtafanya mtakavyo. Ila ukijikuta unalipwa na anayekopa na anayekopesha kwa bati lilelile, shuka kwanza ufikiri.

Baada ya nyumba ya saba nilikwenda kwa Sekela. Sikutumwa. Nilikuwa na kisu cha zamani na mchanga mkavu kwenye kitambaa. Nikamwambia nataka kufuta zile alama. Akanisogezea meza nisimamie.

Nilikwangua moja baada ya moja, kichwa nyuma, vumbi jeusi likinidondokea machoni, mvua ikipiga kelele juu yetu. Yeye alikaa chini akichambua maharage. Nilipofika la ishirini na mbili, lile la juu ya mlango, akasema:

"Hilo liache."

"Kwa nini, dada? Nimebakiza hilo tu."

"Liache. Watu wakija watauliza ni nini, nami nitawaambia ni alama ya fundi."

Nikateremka mezani. Akanipa ndizi na chai. Alama ile ipo mpaka leo, na kila akinikaribisha kwake kiti changu kinawekwa chini yake.